Meli ikipita bandari bila kusimama: jibu kwa mwalimu wa Mwanga, Kigoma

Swali: Mimi ni mwalimu mstaafu, naishi Mwanga hapa Kigoma. Watoto wetu wametulipia mimi na baba yao safari ya siku tano kwa meli ya kitalii kutoka Durban, mwezi wa pili mwakani. Ratiba inasema meli itasimama Pomene na Kisiwa cha Wareno, huko Msumbiji. Jirani yangu anasema binti yake alikwenda safari kama hiyo, upepo ukavuma, wakapita vituo vyote viwili bila mtu kukanyaga mchanga. Je, jambo hili hutokea kweli? Fedha inarudishwa? Na tufanye nini ili zawadi ya watoto isiharibike? Baba yao ana presha na goti la kulia linamsumbua.

Jibu: Mwalimu, shikamoo. Jirani yako hakutia chumvi. Meli za kitalii huruka vituo kwa sababu ya hali ya hewa, na njia mliyolipiwa ina sababu tatu za kuongeza uwezekano huo. Vituo vyote viwili havina gati la meli kubwa. Pwani ile iko wazi kwa mawimbi yanayotoka kusini. Na Februari iko katikati ya msimu wa vimbunga katika Mlango wa Msumbiji, msimu unaoanza Novemba na kuisha Aprili. Siwaambii mkatae zawadi. Nawaambia mpange kama watu wanaokwenda kukaa melini siku tano, na kushuka ufukweni kukipatikana muihesabu kuwa ni nyongeza. Mkilikubali hilo mapema, mtajua nini mlipie kabla, nini msilipie, na ndege ya kurudi mkate ya siku gani.

Kwa nini meli kubwa inashindwa na upepo

Mtu wa Kigoma aliyesafiri na Liemba, meli ya Ziwa Tanganyika, kwenda Kasanga ameshaliona jambo hili kwa macho yake. Kwenye vijiji visivyo na gati meli ilikuwa ikisimama mbali na ufuko, maboti na mitumbwi ikiifuata, na abiria wakishukia ubavuni. Kusi la Juni hadi Agosti likilichafua ziwa, kazi hiyo iligeuka kuwa ya hatari. Pomene, mkoani Inhambane, na Kisiwa cha Wareno kilicho jirani na Inhaca kwenye mdomo wa Ghuba ya Maputo, ni hivyo hivyo: meli hukaa mbali na boti ndogo hupeleka watu nchi kavu. Tofauti ni idadi. Badala ya watu thelathini na magunia ya dagaa, hapa kuna watu 2,000 au zaidi wanaotaka kwenda na kurudi siku hiyo hiyo.

Ubavuni mwa meli hufunguliwa mlango ulio karibu na usawa wa maji, na nje yake hutandazwa jukwaa dogo. Boti hujibanza hapo. Mabaharia wawili humshika abiria mikono, hungoja boti ipande mpaka iwe sawa na jukwaa, kisha humwambia avuke. Wimbi likiwa la nusu mita, hata mzee huvuka bila shida. Likifika mita moja na nusu, boti hupanda na kushuka kupita kiuno cha mtu mzima kila baada ya sekunde chache, na mguu uliokosea hubanwa kati ya chuma na chuma. Nahodha anaweza kuigeuza meli ili ubavu mmoja uukinge upepo na boti zifanye kazi upande wenye utulivu. Mbinu hiyo hufaa upepo ukiwa ndio tatizo. Mawimbi makubwa yakija kutoka upande mwingine, hakuna ubavu ulio salama.

Jambo linalowaudhi abiria kuliko yote ni hili: asubuhi jua limetoka, bahari inaonekana shwari, halafu nahodha anatangaza kwamba hashushi mtu. Watu hudhani anawadanganya. Kumbe nahodha anafikiria bahari itakavyokuwa saa kumi jioni. Chukua boti nne, kila moja ikibeba watu mia, na kila safari ya kwenda na kurudi ikichukua dakika 35. Kuwaondoa watu 2,000 ufukweni kunahitaji safari ishirini, yaani tano kwa kila boti, karibu saa tatu. Upepo wa alasiri ukipanda kabla kazi haijaisha, mamia ya watu watabaki kwenye kisiwa kisicho na mahali pa kuwalaza. Ndiyo maana akiona utabiri wa alasiri ni mbaya, hafungui mlango hata asubuhi.

Kuna pia mawimbi yasiyohusiana na upepo wa siku hiyo. Dhoruba za bahari ya kusini, mbali chini ya Afrika Kusini, hutuma mawimbi marefu yanayosafiri siku kadhaa kabla ya kuipiga pwani ya Msumbiji. Melini hata hamtayahisi sana, lakini yakifika kwenye maji mafupi hujikunja na kuvunjika kwa nguvu, pale pale boti inapotaka kugusa mchanga.

Na msidhani bandari yenye gati imesalimika. Meli ya aina hii ina urefu wa karibu mita 290, na ubavu wake ulio juu ya maji hukaribia mita za mraba 9,000. Upepo wa kilomita 40 kwa saa, ule ambao Mamlaka ya Hali ya Hewa huutolea tahadhari mara kwa mara, ukiupiga ubavu huo moja kwa moja huisukuma meli kwa nguvu ya takribani tani 70. Upepo ukifika kilomita 80 kwa saa, nguvu hiyo huongezeka mara nne, ikakaribia tani 280. Propela za pembeni na tagi, yaani boti za kuvuta meli, zina kikomo. Tena rubani wa bandari, yaani mtaalamu anayeiongoza meli kuingia, lazima apande melini kwanza, na kwa kawaida hupanda kwa ngazi ya kamba kutoka kwenye boti. Bahari ikichafuka hawezi kupanda, na bila rubani meli haiingii. Kumbukeni kwamba upepo unaweza kuichelewesha meli hata kuingia Durban, maana nitalirudia kwenye habari ya ndege.

Kuhusu vimbunga, Februari kweli ina historia upande ule. Dineo alipiga mkoa wa Inhambane Februari 2017. Freddy alitua karibu na Vilankulo, mkoa huo huo, Februari 2023, kisha akarudi mwezi uliofuata upande wa Quelimane. Usiogope meli kuingia ndani ya kimbunga. Kimbunga mara nyingi husogea chini ya kilomita 25 kwa saa, na meli hizi hukimbia kilomita 33 na zaidi, tena utabiri hutolewa siku kadhaa kabla. Kitakachotokea ni kwamba nahodha atageuza njia mapema, na Pomene itafutwa hata kama juu yenu mbingu ni ya buluu.

Wapo wanaosema nahodha huruka vituo ili kampuni iokoe mafuta au ushuru wa bandari. Sikubaliani nao. Ushuru wa kituo kilichorukwa hurudishwa kwa abiria, na kampuni hupoteza mauzo yote ya matembezi ya ufukweni ya siku hiyo. Kukiruka kituo ni hasara kwake pia.

Fedha: kipi kinarudi na kipi hakirudi

Hapa niseme wazi, kwa sababu watoto ndio waliolipa na wao ndio watakaouliza. Mikataba ya meli za kitalii, kwa kampuni karibu zote, humpa nahodha haki ya kuruka kituo, kubadilisha mpangilio au kuweka kituo kingine, na abiria hana fidia kwa kuikosa bandari yenyewe. Nauli hairudi. Mwombe mtoto aliyekata tiketi akutumie masharti hayo, mtafute sehemu inayoeleza mabadiliko ya ratiba, msome kabla ya kuondoka. Mkataba ndio utakaofuatwa, hata kama wakala alisema vingine kwa mdomo.

Kinachorudi ni vitu viwili. Cha kwanza ni ushuru na ada za kituo kilichorukwa. Usitegemee kiasi kikubwa, mara nyingi ni makumi machache ya dola kwa mtu. Cha pili ni matembezi mliyonunua kupitia meli yenyewe. Hayo hufutwa na kurudishwa yote bila ninyi kuomba. Lakini angalieni yanarudi wapi. Yakiwa yalilipwa kwa kadi ya mtoto miezi kabla, yanaweza kurudi kwenye kadi yake au kuwekwa kama salio kwenye akaunti yenu ya melini. Salio la melini wakati mwingine halitolewi kama fedha taslimu, msipolitumia linapotea. Ulizeni mapokezi swali hilo kwa maneno haya haya: salio hili linatolewa au linatumika humu humu? Jibu likiwa linatumika humu humu, litumieni kulipia huduma ambazo tayari mnadaiwa, badala ya kununua vitu vipya kwa kuogopa lisipotee.

Usiku wa mwisho ombeni karatasi ya hesabu yenu na muipitie mstari kwa mstari. Mtafute jina la kituo kilichorukwa likiwa na alama ya kutoa. Makosa yanayotokea ni ya aina mbili: tembezi la mtu mmoja limerudishwa na la mwenzake limesahaulika, au ushuru umerudishwa mara moja kwa chumba kizima wakati ilipaswa iwe kwa kila mtu. Mkiwa bado melini hurekebishwa kwa dakika kumi. Mkishafika Kigoma itakuwa barua pepe za wiki nyingi.

Mtu wa nje, yaani mwongoza watalii mliyempata wenyewe mtandaoni, ni hadithi nyingine. Kwa Pomene na Kisiwa cha Wareno nashauri msimlipe mtu yeyote wa nje kabla. Kama lazima, tafuteni anayeandika kwamba meli isiposimama harudishi sehemu, anarudisha yote. Kifurushi cha vinywaji, intaneti ya melini na bakshishi ya wahudumu havipungui kwa sababu ya kituo kilichorukwa.

Bima ya safari ni muhimu, ila muisome mkijua mnachotafuta. Zipo bima, hasa zinazouzwa Uingereza, zenye kipengele maalumu cha safari za meli kinacholipa kiasi fulani kwa kila bandari iliyokosekana. Nyingi za kawaida hazina. Na hata zenye kipengele hicho, baadhi hukataa kulipa pale kituo kinapokuwa cha kushukia kwa boti ndogo, yaani aina ile ile ya vituo vyenu. Kwa hiyo msilipie zaidi kwa ajili ya kipengele hicho. Fedha ya bima iende kwenye matibabu na kusafirishwa kwa dharura, kwa kuwa mzee ana presha na hospitali ya melini hutoza bei kubwa. Wakati wa kukata, tajeni presha. Ugonjwa uliofichwa kwenye fomu ndiyo sababu nyepesi kuliko zote ya kunyimwa madai.

Mkiwa na bima inayolipa, mtahitaji barua fupi kutoka mapokezi ya meli, yenye tarehe, jina la kituo na sababu: hali ya hewa. Ombeni siku ile ile. Picha ya tangazo kwenye skrini peke yake huwa haitoshi.

Ndege ya kurudi ndiyo hatari yenyewe

Kituo mlichokikosa kinawanyima siku moja ufukweni. Meli ikichelewa kuingia Durban, inawavunjia safari nzima ya kurudi, na hapo ndipo familia huingia kwenye gharama. Upepo ukizidi mlangoni mwa bandari, meli husubiri nje saa kadhaa. Mkiwa na ndege ya saa tano asubuhi kutoka Durban kwenda Johannesburg, kisha Dar es Salaam, kisha Kigoma, kuchelewa huko kunaangusha tiketi zote tatu.

Mambo ya kufanya ni haya. Fikeni Durban siku moja kamili kabla ya meli kuondoka, kwa kuwa meli haimngoji abiria aliyekwama Dar. Ondokeni Durban siku inayofuata baada ya kushuka, wala si siku ile ile. Safari ya Dar hadi Durban ikatwe kwenye tiketi moja, ili mkikosa ndege ya kwanza shirika liwajibike kuwapangia nyingine. Tiketi mbili tofauti hazijuani, hata kama ni za shirika moja. Kati ya Dar na Kigoma wekeni tena pengo la usiku mmoja, maana ndege za Kigoma ni chache na zikijaa mtabaki na treni, ambayo inachukua zaidi ya siku nzima. Usiku mbili tatu za nyumba ya wageni zinaonekana ghali mkikaa kuzipanga, lakini ni nafuu kuliko kununua tiketi mpya siku ya safari.

Visa haitawasumbua. Mwenye pasi ya Tanzania haombi visa kwa matembezi mafupi ya Afrika Kusini wala Msumbiji, hivyo hata meli ikibadilisha kituo na kuingia Maputo mtashuka kama wengine. Hakikisheni pasi zina angalau miezi sita na kurasa tupu. Kwa msomaji mwingine anayepanga kwenda Ulaya, hali ni tofauti: visa ya Schengen, ile moja ya nchi nyingi za Ulaya, ikiwa ya kuingia mara moja huisha pale meli inapotoka Ugiriki kwenda Uturuki, na ikirudi Ugiriki unaweza kuzuiwa. Omba ya kuingia mara nyingi, kwa kuwa hali ya hewa inaweza kubadilisha mpangilio wa nchi bila kukuuliza.

Kitu mnachokitamani zaidi kiwekeni nchi kavu

Huu ndio ushauri ninaouthamini kuliko mwingine wowote. Safari yenye vituo viwili vya boti isibebe furaha yote ya zawadi. Siku mbili za Durban nilizosema, moja kabla na moja baada, zipangieni jambo kubwa. Kwako, mwalimu, ningependekeza Inanda, nje kidogo ya jiji. Pale ipo shule ya Ohlange, iliyoanzishwa na John Dube mwaka 1901, yeye aliyekuja kuwa rais wa kwanza wa chama kilichokuja kuitwa ANC. Nelson Mandela alichagua shule hiyo kupigia kura yake Aprili 1994, na Dube mwenyewe amezikwa hapo hapo. Karibu yake kuna makazi ya Phoenix aliyoyaanzisha Gandhi mwaka 1904. Mtu aliyefundisha historia miaka yote hiyo atasimama mahali hapo akiwa na mengi ya kusema. Safari ya nusu siku kwa gari lenye dereva anayejua eneo inatosha, na haitegemei wimbi. Jioni mzee apumzishe goti kwenye njia ya ufukweni mjini, ni tambarare na ina viti.

Siku tatu kabla, na siku yenyewe

Mkiwa Durban tazameni utabiri wa Pomene kwenye programu yoyote ya upepo na mawimbi. Angalieni namba tatu: kasi ya upepo, kimo cha wimbi, na sekunde kati ya wimbi na wimbi. Kwa kukadiria tu, upepo chini ya kilomita 25 kwa saa na wimbi chini ya mita moja, mna matumaini mazuri. Upepo ukipita kilomita 35 au wimbi likipita mita moja na nusu, anzeni kujiandaa kubaki melini. Wimbi la mita moja lenye sekunde 14 ni baya zaidi kwa kushuka ufukweni kuliko la mita moja lenye sekunde 6. Kwa vimbunga, taarifa rasmi za upande huu wa Bahari ya Hindi hutoka kituo cha hali ya hewa cha Ufaransa kilichopo Réunion.

Tangazo la kuruka kituo hutoka usiku uliotangulia au asubuhi mapema. Dakika chache baadaye watu wote hukimbilia mapokezi, foleni ikazunguka ukumbi. Msiende. Marejesho yanafanyika yenyewe, na mhudumu wa pale hana anachoweza kubadili. Nendeni mapokezi alasiri, kukiwa kimya. Asubuhi hiyo fanyeni vitu viwili ambavyo vitajaa haraka: wekeni nafasi ya chakula cha jioni kama meli ina migahawa ya kuhifadhi meza, na tafuteni ratiba mpya ya siku, maana meli huandaa upya michezo, muziki na mafunzo ya kupika ili watu wasikae bure. Kwa viti, bwawani patajaa kupita kiasi. Sitaha ya chini iliyozunguka meli, upande usio na upepo, ndiyo yenye nafasi na kivuli. Upande wa upepo mkikuta mlango umefungwa kwa kamba msiuvuke, ukichukuliwa na upepo unaweza kuvunja mkono.

Angalieni pia mifuko. Maduka na kamari za melini kwa kawaida hufungwa meli ikiwa bandarini na hufunguliwa ikiwa baharini, kwa hiyo siku ya kituo kilichorukwa hukaa wazi kutwa. Kila kitu hulipwa kwa kadi ya chumba na mtu haoni fedha ikitoka. Siku ya kwanza tu waombeni mapokezi waweke kikomo cha matumizi kwenye kadi zenu.

Simu ziwekeni kwenye hali ya ndege tangu meli inapoondoka. Mtandao wa simu wa melini hupitia setilaiti na unaweza kumaliza vocha ya mwezi kwa dakika chache bila ninyi kupiga simu hata moja. Waambieni watoto mapema kwamba mkikosa kituo mtakuwa kimya mpaka Durban, wasianze kupiga simu ubalozini.

Goti na presha

Hata bahari ikitulia, goti la mzee linahitaji uamuzi. Kuvuka kutoka jukwaani kwenda botini kunataka mtu asimame kwa mguu mmoja kwa nukta mbili tatu huku sakafu ikisogea, na ufukweni kunaweza kuwa na hatua ya kushukia kwenye maji ya magotini. Mabaharia wana haki ya kumkatalia mtu wanayeona hataweza, na hufanya hivyo. Siku ya kwanza muulizeni mhudumu kushuka kukoje hasa kwenye kila kituo. Akishuka, avae viatu vya kamba vinavyoshika, ndala zibaki chumbani. Mikono yote miwili iwe tupu, mkoba wake ubebe wewe mgongoni. Awashike mabaharia kwenye kiwiko, nao wamshike kiwiko, wasishikane viganja, viganja huteleza. Mkwepe boti ya mwisho ya kurudi, maana upepo wa alasiri huwa umeshapanda. Rudini saa mbili kabla ya muda wa mwisho.

Bahari inayowazuia kushuka ndiyo inayoleta kichefuchefu. Kabini ya katikati ya meli, ghorofa za chini, huyumba kidogo kuliko za omo (mbele) na tezi (nyuma). Kama chumba hakijapangwa, mtoto aombe hivyo sasa. Dawa za kichefuchefu cha safari zipo kwenye maduka ya dawa hapo mjini, na hufanya kazi zikimezwa saa moja au mbili kabla ya kuyumba kuanza. Baada ya kutapika zinasaidia kidogo sana. Kwa mzee, mpeleke kwa mfamasia na karatasi ya dawa zake zote za presha. Dawa kama promethazini huleta usingizi mzito, na mzee mwenye usingizi na goti bovu kwenye sakafu inayoyumba ataanguka. Anywe maji, ale kidogo kidogo, akae nje akitazama upeo wa bahari.

Dawa za presha zihesabu tangu siku ya kutoka Kigoma mpaka siku ya kurudi Kigoma, halafu ongeza za siku saba. Zikae kwenye mkoba wa mkononi pamoja na cheti cha daktari. Masanduku makubwa huchukuliwa bandarini mnapoingia, yakafika chumbani baada ya saa kadhaa, na usiku wa mwisho hutolewa nje ya mlango kabla hamjalala. Dawa iliyo ndani ya sanduku usiku huo hataipata mpaka mshuke Durban, na kama meli inasubiri upepo nje ya bandari, hiyo inaweza kuwa jioni ya siku inayofuata.